Wana wa Barzilai: Jina la Ndoa Katika Daftari na Katika Simu

Katika kitabu cha Ezra sura ya 2 kuna orodha ndefu ya majina ambayo wengi wetu huiruka tunaposoma Biblia kwa mpango wa mwaka. Ni orodha ya Wayahudi waliorudi Yerusalemu kutoka uhamishoni Babeli, na jumla yao inatajwa kuwa watu 42,360, bila kuhesabu watumishi na waimbaji wao. Karibu na mwisho wa orodha, aya ya 61 hadi ya 63, wanatajwa wana wa Barzilai, ukoo wa makuhani. Babu yao alioa binti wa Barzilai Mgileadi, wa nyumba ya yule mzee wa miaka 80 aliyemlisha Mfalme Daudi alipomkimbia Absalomu, na baada ya kuoa akaitwa kwa jina la ukweni. Vizazi vikapita. Uzao wake uliporudi na kutaka kushika tena kazi ya ukuhani, walitafuta majina yao katika maandiko ya nasaba, yasionekane. Mtawala akawaondoa katika ukuhani na kuwazuia wasile vitu vitakatifu mpaka atakapopatikana kuhani mwenye Urimu na Thumimu.

Hatusomi kwamba watu hawa walitenda dhambi. Hatusomi pia kwamba mtawala alikuwa katili, maana kazi yake ilikuwa kulinda madhabahu. Inaelekea jina lilibadilika kwa sababu ya ndoa, daftari likabaki na lake, na siku ya haja hivyo viwili havikukutana. Mkate wa familia nzima ukakatika hapo.

Tumeuanza mjadala huu kwa Ezra kwa sababu jambo hilo liko kati yetu leo. Bibi arusi anayetoka madhabahuni Jumamosi ana jina lake katika kitambulisho cha taifa, laini ya simu, akaunti ya pesa ya simu, benki, namba ya mlipakodi, bima ya afya, mfuko wa hifadhi ya jamii, barua pepe na kurasa za mitandao ya kijamii. Jumapili inayofuata shangazi wanamwita kwa jina la mumewe, na yeye mwenyewe anaanza kujiandika hivyo. Je, imani yetu inamtaka afanye hivyo? Na akifanya, afanyeje asije akawa kama wana wa Barzilai? Historia inaweza kutusaidia kujibu yote mawili.

Majina kabla ya daftari

Wazee wetu hawakuwa na desturi moja. Pwani, mwanamke aliitwa binti wa baba yake tangu kuzaliwa hadi kufa. Mwimbaji mashuhuri wa Unguja, Siti binti Saad, alijulikana kwa jina la baba yake, na hakuna aliyeona ajabu. Bibi Titi Mohamed, aliyewaamsha wanawake wa Tanganyika katika harakati za uhuru, alibaki Titi Mohamed katika ndoa zake. Hata Rais wetu, Samia Suluhu Hassan, ni mke wa mtu na anatumia jina la upande wa baba yake. Kwa ndugu zetu Waislamu jambo hili ni la kawaida kabisa.

Huku bara, jamii nyingi zilimhesabu mke kuwa wa ukoo wa baba yake hata baada ya mahari kulipwa. Ndiyo maana mpaka leo, msiba ukitokea, upande wa mke huitwa na kusikilizwa. Lakini jina la kila siku lilibadilika kwa njia nyingine: akijifungua mtoto wa kwanza aliitwa Mama Fulani, akipata mjukuu akawa Bibi Fulani. Mtu mmoja angeweza kuwa na jina la utotoni, jina la ubatizo na jina la uzazi, wala hakupotea, kwa sababu kijiji kizima kilikuwa daftari lake. Kila mzee alijua huyu ni nani, binti wa nani, na ameolewa wapi.

Tuliyojifunza Wittenberg

Huenda msomaji akasema kwamba jina la mume lililetwa na Kanisa. Tutazame basi chimbuko letu sisi Walutheri. Martin Luther alimwoa Katharina von Bora tarehe 13 Juni 1525. Luther mwenyewe hakuzaliwa na jina hilo kama tunavyoliandika. Ukoo wao uliitwa Luder, na ni kama mwaka 1517 hivi alipoanza kujiandika Luther. Mkewe aliitwa na watu kwa jina la mume, na jiwe la kaburi lake huko Torgau, alikofariki mwaka 1552, linamtaja kuwa mjane wa Daktari Martin Luther. Lakini karibu miaka 500 baadaye sisi tunamkumbuka kama Katharina von Bora. Majina yote mawili ni yake.

Mwaka 1529 Luther aliandika kitabu kidogo cha kuwasaidia wachungaji wa kawaida kufungisha ndoa. Mle anatoa mfano wa maswali kwa bwana na bibi arusi, na katika maswali hayo anawaita kwa majina yao ya kwanza, Hans na Greta. Hamwambii Greta aache jina la baba yake. Kwa Luther, mambo mengi ya arusi yalikuwa ya serikali na desturi za nchi; kazi ya mchungaji ilikuwa kuwaombea na kuwabariki kwa Neno la Mungu. Ibada yetu ya ndoa imetoka katika mti huo, na hakuna kiapo ndani yake kinachogusa jina la ukoo.

Kuna jambo la pili la kujifunza katika nyumba ile, nalo ni zito zaidi. Mwaka 1542 Luther aliandika wosia akimwachia Katharina mali na kumtaka awe mlezi wa watoto. Hakutumia mwanasheria. Aliamini kwamba mkono wake na jina lake vinajulikana kila mahali, hivyo watu watamwamini. Alipofariki mwaka 1546, wanasheria wa Saxony waliukataa wosia kwa kuwa haukufuata taratibu za sheria, na haikuwa kawaida mjane kupewa madaraka kama hayo. Ilibidi mtawala, Johann Friedrich, aingilie kati na kuuthibitisha; hata hivyo waliwekwa walezi wengine juu ya watoto. Mume alimpenda mkewe kwa moyo wote, lakini karatasi haikukaa sawa, na aliyebeba mzigo ni mjane.

Sheria za nchi, si Injili

Basi desturi ya mke kuchukua jina la mume ilipata wapi nguvu? Kwa sehemu kubwa katika sheria za mataifa ya Ulaya. Mwaka 1794 sheria kuu ya Prussia iliandika kwamba mke hupata jina la mumewe kwa ndoa. Mwaka huohuo, tarehe 23 Agosti, Ufaransa ya mapinduzi ilitunga sheria inayokataza raia kutumia jina lingine lolote isipokuwa lile la cheti cha kuzaliwa, na mpaka leo mke wa Kifaransa hubaki na jina lake kisheria, ingawa anaweza kutumia la mume katika maisha ya kawaida. Mataifa mawili jirani, yote yenye Wakristo, mwaka mmoja, majibu mawili yanayopingana. Kama Injili ingekuwa imeamuru, tusingeona hivyo.

Wamisionari wa Kijerumani waliofika kwetu, Dar es Salaam mwaka 1887, Usambara na nyanda za juu kusini mwaka 1891, Kilimanjaro mwaka 1893, walikuja na Injili, na pia walikuja na desturi za kwao. Wake zao waliitwa kwa majina ya waume. Shule na ofisi za serikali, chini ya Wajerumani na baadaye Waingereza, ziliendeleza mtindo huo, nasi tukauona kuwa sehemu ya ustaarabu wa Kikristo. Mama Maria Nyerere, aliyezaliwa Maria Waningu Magige, ni mfano wa kizazi kilichoupokea kwa heshima.

Wenyewe walioleta desturi hiyo wameendelea kuijadili. Nchini Marekani, Lucy Stone aliolewa mwaka 1855 na akabaki na jina lake. Mwaka 1879, jimbo la Massachusetts liliporuhusu wanawake kupigia kura kamati za shule, aliambiwa ajiandikishe kwa jina la mumewe. Akakataa, na hakupiga kura. Ujerumani, mahakama ya katiba ilifuta mwaka 1991 kanuni iliyolipa jina la mume kipaumbele wanandoa wasipokubaliana, na sheria mpya ikaanza mwaka 1994.

Kwetu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikumwagiza mke achukue jina la mume. Iliandika badala yake kwamba mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanaume ya kupata, kumiliki na kuuza mali. Nasi wachungaji tunaofungisha ndoa tunajua kwamba cheti cha ndoa huandikwa kwa majina ambayo wawili hao walikuja nayo. Cheti kinashuhudia kwamba hawa wameoana. Hakimbadilishii mtu jina.

Kijiji kimekuwa mashine

Yale makosa madogo ya majina ambayo kijiji kiliyasamehe, sasa hayasameheki kirahisi. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA, ilianzishwa mwaka 2008, na kila mtu aliyesajiliwa ana namba ya tarakimu 20. Kuanzia Mei 2019 laini za simu zilisajiliwa upya kwa alama za vidole, na Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa. Tangu hapo jina lililo katika kitambulisho ndilo jina la laini, na jina la laini ndilo jina la pesa ya simu. Mtu anapotuma pesa, simu humwonyesha jina la mpokeaji kabla hajathibitisha. Wazee wetu wa kanisa wanalijua hili vizuri: sadaka inaingia kwa jina la binti wa fulani, na mhazini anatafuta katika kadi za ahadi jina la mke wa fulani, asilione.

Mashine haimjui mtu kama kijiji kilivyomjua. Inalinganisha herufi na herufi, namba na namba. Ikiona majina mawili, inaona watu wawili.

Kwa hiyo anayeamua kubadili jina baada ya ndoa aanze kwenye chanzo, asianze kwenye matawi. Wengi huanza na ukurasa wa Facebook kwa sababu ni rahisi, wakaishia hapo. Huo ni mwisho wa mambo. Mwanzo ni hati ya kisheria ya kubadili jina iliyosajiliwa, pamoja na cheti cha ndoa na cheti cha kuzaliwa. Kwa hati hizo huenda NIDA. Kitambulisho kikishabadilika, ndipo zifuate laini ya simu na pesa ya simu, namba ya mlipakodi, benki, bima ya afya, mfuko wa hifadhi ya jamii, mwajiri, pasipoti. Barua pepe ibaki ikifanya kazi mpaka mwisho, hata kama ina jina la zamani, kwa sababu akaunti nyingi hutuma namba za uthibitisho huko. Ukiifunga mapema umejifungia mlango na funguo ziko ndani. Vyeti vya shule kwa kawaida hubaki na jina alilosomea mtu, hivyo hati ya kubadili jina itunzwe maisha yote, ije iunganishe jina la cheti na jina la sasa.

Anayeamua kubaki na jina lake naye ana kazi. Ahakikishe anaandikwa vivyo hivyo kila mahali: mwajiri asimwandike kwa jina la mume kwa heshima, mume asimwandike hivyo katika fomu ya bima au ya mafao. Na kila mmoja, awe amebadili au hajabadili, awe na laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe. Laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mume ni ya mume, na siku Bwana akimwita, pesa iliyomo itahesabiwa kuwa ya marehemu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zilizokosewa zirekebishwe. Tunapokwenda ofisini kuomba jina lisahihishwe hatuombi hisani.

Anayeumia ni nani

Sisi wachungaji tunaziona gharama za jambo hili zaidi msibani kuliko arusini. Tumeketi na mjane ambaye kitambulisho chake kilikuwa na majina matatu ya upande wa baba yake, akaunti ya akiba ilikuwa na jina la mumewe, na fomu ya mafao ya marehemu ilimtaja kwa jina la tatu, Mama wa mtoto wao wa kwanza, kama alivyoitwa nyumbani. Hakuna jina hata moja lililokuwa la uongo. Lakini ofisi moja ilimwambia alete mtu wa jina hili, nyingine ikamwambia alete mtu wa jina lile, na yeye alikuwa mmoja. Ndugu wa mume wakaanza kuuliza kama kweli huyu ndiye mke aliyeandikwa. Swali hilo lilimuuma kuliko kukosa pesa.

Kilichomsaidia kilikuwa daftari la ndoa la usharika. Mtangulizi wetu aliyewafungisha ndoa alikuwa ameandika kwa wino majina yake yote matatu, jina la baba yake, usharika aliotoka na mashahidi. Nakala ya ukurasa huo, pamoja na hati ya kiapo, ikawa daraja kati ya jina na jina. Ilichukua miezi, lakini alivuka.

Hapa ndipo tunapoona kwa nini Kanisa limekuwa likiandika majina kwa karne nyingi. Yule mchungaji aliyeandika kwa uangalifu, pengine mchana wa jua kali, watu wakimsubiri kwa picha, alikuwa anamhudumia mjane ambaye bado alikuwa bibi arusi anayecheka.

Neno kwa usharika

Tungependa basi tukubaliane mambo machache. Kwanza, tusiwabebeshe mabinti zetu mzigo ambao Neno la Mungu halikuwabebesha. Anayechukua jina la mumewe kwa upendo na hiari anafanya vema. Anayebaki na jina la baba yake hajapunguza ndoa yake wala heshima kwa mumewe. Ruthu aliolewa na Boazi, na Maandiko yanaendelea kumwita Ruthu. Kuwa mwili mmoja ni kazi ya Mungu, haipimwi kwa herufi za kitambulisho.

Pili, jambo hili liingie katika mafundisho ya ndoa. Tunawafundisha wachumba kuhusu uaminifu, fedha na watoto. Tuwaulize pia, kabla ya matangazo, mmekubaliana nini kuhusu majina? Sheria inataka taarifa ya ndoa itolewe angalau siku 21 kabla. Katika majuma hayo, kati ya kamati ya arusi na ushonaji wa nguo, wawili hao wanaweza kukaa jioni moja na kuandika orodha ya kila mahali majina yao yalipo.

Tatu, makatibu wa usharika waandike majina kamili. Tusiandike "Mama Neema" katika daftari la ndoa, la ubatizo wala la mazishi. Mwenye jina la zamani na jipya yaandikwe yote, na tarehe ya kubadilika.

Nne, kila nyumba yenye ndoa ya miaka mingi ifanye ukaguzi mwezi huu. Baba na mama wakae, watoe kitambulisho, kadi ya benki, kadi ya bima na fomu za mafao, waweke mezani na kusoma majina kwa sauti. Panapotofautiana pasahihishwe wakati wote wawili bado wanaweza kusimama mbele ya ofisa na kusema, huyu ndiye.

Tulipobatizwa, mchungaji alitaja jina letu la kwanza na kulitia pamoja na jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Jina hilo ndoa haikulibadili, na mauti hayatalibadili. Yesu aliwaambia wanafunzi wafurahi kwa sababu majina yao yameandikwa mbinguni, na huko hakuna mjane atakayeulizwa yeye ni nani. Lakini hapa duniani mkate bado unatolewa kwa daftari, na mpendane maana yake ni pamoja na kuliweka daftari sawa kwa ajili ya atakayebaki. Wana wa Barzilai waliambiwa wasubiri. Maandiko hayatuambii kama kuhani mwenye Urimu na Thumimu alipatikana.